Pata Potea

Tsuma alizikusanya kadi zangu za miezi minne,
akazipanga juu ya boneti kama karata,
akaweka kidole kwenye ile ya juu:
"Tisini na nane, Bwana Nyanje.
Arubaini na moja umezipiga ukiwa ndani ya grini,
mahali ambapo shimo unaliona
na lenyewe linakuona."

Nami nilikuwa nikijigamba kwa dreva wangu!
Mpira ukitoka kwenye tii
kunguru huhama minazi.
Kisha hatua tatu na shimo
mkono unageuka uji,
na Bajaber, mwenye magoti mabovu,
asiyefikisha nusu ya masafa yangu,
kila Jumamosi huondoka na mia tano yangu,
akiikunja taratibu
kama mtu akunjaye msala.

"Huyo dreva," Tsuma akasema,
"mwache garini mwezi mzima. Alale."

Fimbo fupi sisi huiita pata.
Miaka sita naishika, sijapata.
Pata potea, kama wale wa karata tatu
waliowahi kunila nauli Mwembe Tayari:
unaliona jibu, unalinyooshea kidole,
na bado si lenyewe.

Basi nikaanza upya, na mvi zangu,
mimi wakala wa forodha
niwezaye kukisia uzito wa kontena kwa jicho.
"Nirushie funguo," Tsuma akaniamrisha.
Nikarusha. Akazidaka.
"Ulipima? Ulihesabu hatua?"
Sikuhesabu.
"Basi mkono unajua. Wewe ndiye unayeuingilia."

Akanichuchumaza nizisome nyasi.
Zikimeremeta, zimekupa mgongo:
gusa tu, mpira utateleza.
Zikiwa na weusi, zinakukabili:
ongeza kidogo.
Na ukiwa nje ya grini
usiupeleke mpira mbinguni,
upepo wa bahari hii una mkono mrefu.
Uchote chini chini, utue hatua moja ndani,
halafu uache utembee kwa miguu yake.
"Tena usiinue kichwa kuutazama.
Sikiliza."

Kwa hiyo usiku, nyumbani Tudor,
mkeka sebuleni, glasi imelazwa ubavu,
mimi na kanzu yangu na fimbo.
Mwanatumu anasahihisha mitihani ya darasa la saba,
haangalii hata.
"Umekosa. Kushoto."
Tk.
"Umekosa. Umekuwa na haraka."
Kalamu yake nyekundu haisimami.
Jirani wa chini amegonga dari kwa mpini wa ufagio.
Wiki ya tatu nikasikia glasi ikilia mara nne mfululizo,
na kalamu ikanyamaza.
"Hebu tena," akasema.

Thelathini na nane. Thelathini na tano.
Halafu, siku ya kusi kali, arubaini na mbili,
Tsuma akacheka mpaka akakaa chini.
Sikumpa chai siku hiyo.

Leo ni shimo la tisa, tuko sare.
Bajaber amemaliza, amesimama kando,
anajikanda goti, mkono mwingine
tayari uko karibu na mfuko.
Mimi nimebakiwa na hatua nne,
nyasi nyeusi, mteremko mwembamba kuelekea baharini.
Nikashusha pumzi.
Feri ikapiga honi kule Likoni
nami nikagonga ndani ya honi hiyo hiyo,
kichwa chini, nikitazama pale mpira ulipokuwa,
doa la umande lisilo na kitu.

Nikasikiliza.
Hakuna tk.

Nilipoinua macho, ulikuwa umesimama mdomoni mwa shimo,
nusu yake hewani,
kama mtu aliyesahau alichojia dukani.
Bajaber akafungua kinywa.
Tsuma akamzuia kwa kiganja:
"Sheria yatupa sekunde kumi, mzee."
Nikatembea hadi pale, bila kukimbia.
Unyasi mmoja chini ya mpira ulikuwa ukijikunja.
Tsuma akaanza kuhesabu kwa Kigiriama,
polepole,
polepole kuliko saa yoyote ya mjini hapa.