Maoni ya Fundi Geti wa Majengo

Mimi husema ninachokiona,
ndiyo maana jukwaani nakaa na nafasi mbili tupu kila upande.
Upande wa jua, lakini. Kivuli ni cha wenye mageti,
si cha wanaoyachomelea.

Godlisten Lyatuu hajui mpira.
Anajua kunyoa, anajua kuanguka,
anaanguka kama gunia la mahindi mikononi mwa kuli aliyelipwa nusu,
na akiguswa humtazama refa
kabla ya kuutazama mguu wake.

Yule mdogo wa Njoro, Shedafa, mwacheni.
Mguu ule wa kushoto hakuufundishwa na mtu.
Mkimpeleka Dar atakaa benchi mpaka aote kutu,
na kutu mimi naijua.

Na ile penalti ya Machi:
mkono uliufuata mpira, au mpira uliufuata mkono?
Kwa swali hilo mimi na shemeji yangu Kileo
hatujasalimiana tangu Kwaresma.

Karakana yangu hupiga kantri.
Vijana hunicheka: fundi na muziki wa wachunga ng'ombe wa Ulaya!
Si Ulaya, nawaambia, lakini chekeni.
Baba alikuwa mtu wa reli. Alituachia kaseti tatu na kofia.
Kiingereza chake kisingetosha kukopea sukari,
ila lile gitaa la kuteleza, linalolia kama bawaba kavu,
alilielewa lote.
"Huyu kaachwa," alikuwa akisema. "Huyu kafiwa na mama.
Huyu kapanda treni, hakuaga."
Hata majani yalipoota kati ya mataruma, pale stesheni,
aliendelea kututafsiria, kwa sauti ya chini zaidi.

Kantri ya siku hizi siitaki. Ngoma tupu.
Kantri ya kweli lazima awemo mtu aliyekosea,
na awe anajua.

Alhamisi akaja Anaeli Mamuya.
Kama jina hilo hulijui, wewe umehamia juzi.
Golikipa. Dakika ya themanini na nane,
shuti la mbali, la kitoto, likapita katikati ya viganja,
tukashuka daraja.
Walisema jua lilimpiga machoni.
Jua! Mimi ninayeshinda na moto puani?
Miaka kumi na tisa nasema aliuza mechi.
Nimesema kinyozi, nimesema Mbuyuni sokoni,
nimesema, Mungu anirehemu, msibani kwa mama yake,
nyuma ya turubai, sahani ya wali mkononi.

Alitaka geti. Dogo, futi nne, la banda la kuku.
Akalipima hewani kwa viganja.
Viganja vilevile.
Kaseti ikafika pale inapokwaruza, ikavuka,
naye akasimama, kichwa upande.
"Huyu," akasema, "anaomba radhi
kwa mtu ambaye hayupo tena."

Sikumjibu.
Niliteremsha ngao ya kuchomelea usoni
ingawa moto sikuwa nimeuwasha.

Jumamosi nilikuwa mahali pangu.
Saa kumi na moja kasoro, wingu likasogea,
jua likaja chini, bapa, moja kwa moja.
Nikainua kiganja.
Uwanja mzima ukapiga kelele, watu wakakumbatiana,
jirani wa safu ya mbele akageuka: "Fundi, umeliona? Lyatuu!"
Sikuona kitu.
Nikasema alikuwa ameotea.

Maoni yangu hayajabadilika, tuelewane.
Geti nilimpunguzia elfu ishirini
kwa sababu chuma kilikuwa cha mabaki.
Bawaba ya chini nimeitia grisi.
Ya juu nimeiacha ilie.