Hatua Nne za Kwanza

Newala, saa kumi na mbili kasoro, ukungu bado umelala uwanjani.
Mwalimu Nandonde anapima kwa hatua zake fupi
mita ishirini, anachomeka kijiti cha mkorosho.
"Kisigino kisiguse chini. Somoe, unakimbia kama umebeba maji."

Nacheka. Si uongo.
Miaka sita ya kupanda na ndoo kutoka bondeni
imenipa mapaja haya,
ila ndoo haifunzi mbio: ukiharakisha, inamwagika.

Tunachuchumaa na viroba vya mchanga mabegani,
mara nane, pumzi, mara nane tena.
Abia anatapika uji nyuma ya goli,
anafuta mdomo kwa kiwiko, anarudi mstarini.
Mpira wetu wa mikono ni mmoja, umeshonwa mara mbili;
leo hatuugusi.

Filimbi.
Hatua ya kwanza bado nina ndoo kichwani.
Ya pili, ya tatu, maji yananichuruzika shingoni.
Ya nne
nayaacha yamwagike.

Mwalimu anatazama simu yake yenye kioo kilichopasuka,
hasemi kitu.
Anakwenda kuking'oa kijiti,
anakisogeza mbele.