Kifungo

Mlango wa mashine haukamati.
Nausukuma kwa goti, unarudi,
taa nyekundu inakonyeza.
Nimechomoa waya. Nimesubiri.
Nimepangusa mpira; chumvi ya maji ya Muyeye
imeganda kama ukoko.
Nikamwita Shufaa amulike kwa simu
tundu la komeo.
"Mama, mna kitu."
Kwa kibanio cha nywele nikakichokoa:
kifungo cheupe, cha shati la Athmani.

Kwa kifungo hiki nilimmwagia Nyevu maneno
siku nzima, mpaka akafunga mzigo wake
akarudi Ganda, mshahara hakudai.

Sasa mlango unafungika. Tak.
Nguo zinazunguka, povu linapanda kioo.
Mimi nimekaa sakafuni, kifungo kiganjani,
sijui nikishone wapi.