Pambo la Alama Sita

Saa mbili usiku ndipo anakumbuka.
Ugali umeshaliwa, mlenda unavutana na sufuria,
na Nyemo, kijiko bado mdomoni, ananiambia:
"Baba, mwalimu kasema kesho kila mtu aje na pambo.
La mkono. La kununua hapokei."

Kesho, naye anasema leo.
Mama yake yuko zamu zahanati, kaletwa mama mzazi kwa bodaboda.
Duka la Chiloleti limefungwa,
na hata lingekuwa wazi, nina mia tano,
nayo ni ya kusaga mtama.

Basi tunamwaga kopo.
Kopo la maziwa ya unga, kutu ukingoni,
mahali ambapo visivyo na kazi vinangoja kazi.
Visoda saba; viwili ni vya bia, hivyo sivisemei.
Ufunguo wa kufuli lililoibwa pamoja na baiskeli.
Karatasi ya vidonge, ya fedha, homa yake ilishapita.
Zipu isiyo na suruali.
Na kifungo cha koti la babu yake, cheusi, matundu manne,
uzi ungali ndani, uzi alioushona mwenyewe
kwa sindano ya magunia.

"Tutengeneze nyota," anasema.

Nyota! Mimi mtu wa mizabibu,
vidole vikavu kama matawi tuliyopogoa.
Nagonga visoda kwa jiwe mpaka vinalala,
navitoboa kwa msumari juu ya kigoda.
Jirani anakohoa kwa makusudi.
Nyemo anashika tochi ya simu,
mwanga unatetemeka kila anapocheka.
Uzi tunauchomoa kwenye kiroba cha mbolea, wa buluu,
unatoka trrrr,
kama uliyekuwa umefungwa bila kesi.

Nyota inakataa.
Pembe ya kwanza inakubali, ya pili inanuna,
ya tatu inajiendea.
"Kuku aliyekanyagwa na lori," anasema mwanangu.

Lakini fundo, hilo nalijua.
Miaka kumi na moja, hapa Hombolo,
nafunga machipukizi kwenye waya wa watu.
Ukikaza, tawi linanenepa na kujikata lenyewe.
Ukilegeza, upepo wa Julai unalibeba.
Fundo zuri linashika
huku linajua tawi litakua.
Namwonyesha: pitisha chini, rudi, vuta.
Siyo hivyo. Vuta kama unamfunika mtu aliyelala.
Anakosa. Anakosa tena.
Mara ya tano kidole chake kinapita
palepale kinapopita changu,
na kisoda kinatulia.

Kifungo anataka kikae katikati.
Nakificha kiganjani.
"Kwani babu anakihitaji?"
Nachukua kisu niukate ule uzi wa zamani,
nakiweka chini kisu.
Tunapitisha wetu juu yake. Nafasi ipo.

Ijumaa limerudi na karatasi:
sita kwa kumi, kalamu nyekundu, *usafi uzingatiwe.*
Lechipya alileta ua la plastiki,
bei ingali imebandikwa chini,
akapata tisa.
Nyemo alinuna nusu saa, kisha akaenda kucheza rede.

Mama yake katoka zamu, miguu imevimba.
Kalichukua, kaligeuza,
kaangalia upande wa nyuma, upande wa mafundo,
kama anavyokagua mshono wa jeraha.
"Haya mawili kafunga nani?"
"Mimi," akasema Nyemo kutoka uani, bila kuulizwa jina.
Mama akatafuta msumari.

Sasa linaning'inia mlangoni, juu ya pazia,
kuku wetu, ufunguo ukiwa mkia.
Upepo wa huku hauna adabu,
siku zote uliingia na vumbi lake moja kwa moja hadi kitandani.
Bado unaingia.
Ila siku hizi, walau, unabisha hodi.