Bila King'ong'o

Mara ya kwanza tulitajwa kwa kukosewa.
Mpiga chapa alisahau kile kialama kidogo,
tukatoka Bomangombe,
ng'ombe aliyezibwa pua.
Nilimrudishia sauti yake kwa penseli.

Mara ya pili ni riwaya ya mapenzi.
Kijana kalala tangu Moshi, shavu kwenye kioo cha basi,
anaamka Arusha, anamkuta mwenziwe kaolewa.
Sisi tumo humo katikati,
ndani ya neno "baadaye".
Hiyo nayo nimeihesabu. Ukiwa mji wa kupitwa
huchagui.

Halafu kuna kitabu cha safari,
cha mtu aliyekuja kuupanda mlima,
ukurasa wa mia na kumi na mbili:
*Tulisimama kidogo njia panda ya Sanya Juu.
Vumbi. Kibo imejifunika.
Mwanamke mmoja akatuuzia mayai.*

Basi. Mstari unaofuata wako Arusha, wanakunywa chai.

Nimeusoma mpaka karatasi imelegea kama noti.
Mwanamke mmoja!
Mwaka ule njia panda ile
aliyechemsha mayai akauza na chumvi
ndani ya kipande cha gazeti
alikuwa Aikande binti Ndosi, hakuna mwingine,
bibi yangu, mzaa mama,
aliyekuwa na hadithi moja kuhusu mgeni mwenye daftari:
kwamba alikula mayai mawili
akalipa moja,
akaandika kitu, akapanda gari.

"Alikuwa anaandika nini yule?"
Aliuliza hivyo miaka, akichambua maharage,
akiuliza maharage zaidi kuliko sisi.
Alikufa anadai.

Maktaba yetu ni chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kata,
bati linalia upepo ukishuka.
Kisamo, mtunza vitabu, amebandika mlangoni:
MARUFUKU KUANDIKA NDANI YA VITABU,
na mimi ni mwalimu, natakiwa kuwa mfano.

Niliandika. Pembeni mwa mstari, herufi ndogo:
*Aikande Ndosi. Yai moja halijalipwa.*

Jumatatu nilirudi kuangalia kama amefuta.
Vumbi la kifutio lilikuwepo kweli, kwenye mkunjo,
na nusu ya jina imefifia,
kisha imekolezwa upya kwa wino wa bluu,
na chini yake, kwa mwandiko usio wangu,
mwandiko ulionyooka wa kadi za maktaba:

*Na chumvi.*