Foleni ya Wete

Tumeshuka Wete Jumamosi, kumi na tisa na projekta moja,
Chama cha Kompyuta, fulana za buluu
zimeandikwa KOMPYTA kifuani,
ile U imebaki Mchangani kwa fundi.
Mimi mweka hazina. Nauli ya meli nimelipa,
mikate ya ufuta nimelipa, maji katoni tatu,
na elfu kumi na tano za mlinzi wa skuli
ambaye risiti alikataa kata kata.

Mada: namna mashine inavyopanga vitu.
Mtoa mada: Sharifa Mcha, mwaka wa tatu,
slaidi arubaini na nne, na mshale unaorukaruka.
Ya tatu tu, umeme ukakatika.
Feni ikajizungusha mara mbili kwa adabu, ikasimama.
Watoto wakashangilia. Kina mama waliokuja
kwa kusikia kuna sukari ya bure
(sijui nani kawaambia)
wakajipepea kwa karatasi zangu za mahudhurio.

Umeme kukatika Wete si habari.
Habari ni Sharifa: kaifunga laptopu
kama mtu afunikaye chungu, akasema,
"Haya, simameni. Mashine ni nyinyi.
Mdogo kushoto, mkubwa kulia.
Muulize jirani yako wa kulia umri wake;
akiwa mdogo kwako, badilishaneni.
Basi. Hapana haja mtu kuijua foleni nzima."

Watoto walipangika mara moja.
Mwenyekiti wetu, Khatib Faki, mwenye ndevu za kutafutiza,
alijikuta kapitwa na kinyozi wa pale njiapanda
akahama, akahama tena, akanuna.
Kule mwisho ikanasa:
Bi Zume na wifi yake Bi Time.
"Mie kazaliwa mwaka zile karafuu zilipooza majamvini."
"Na mie?"
"Wewe ulikuwa ushaota meno!"
"Meno! Nani kayaona?"
Wakabadilishana. Wakarudi. Wakabadilishana.
Ussi akaninong'oneza, "Programu imeingia kitanzi."
Sharifa kacheka hadi kashika ukuta:
"Mashine haina haya, ndiyo maana hupanga upesi."

Nilikuwa nishatulia mahala pangu
nilipoona mkono umenyooshwa mbele yangu,
mkono wa hina iliyofifia, wa Bi Bikombo.
"Hapa msipazibe," alisema.
"Hapa pa Masoud. Wewe wa mwaka gani?"
Nikamwambia.
"Mwezi?"
"Mfunguo Saba."
"Yeye Mfunguo Sita. Kakushinda mwezi.
Sogea."

Nikasogea.
Foleni yote kushotoni kwangu ikasogea,
hatua moja, hadi mtoto wa mwisho akagusa mlango.
Hakusema Masoud kaenda wapi,
hakusema kafa, hakusema yupo,
na hapana aliyeuliza; hata wale mawifi walinyamaa.
Slaidi ya thelathini na moja, naijua, niliichapa mimi,
inasema kisanduku kitupu hakilinganishiki,
kitupwe mwisho wa orodha.
Sharifa alikuwa keshafungua mdomo.
Akaufumba.
Akapita na kidole chake, akihesabu vichwa,
na alipofika pale penye hewa
kidole kilisimama, kikainama kidogo, kikaendelea.

Umeme ulirudi tukiwa bado wima.
Projekta ikawasha mshale wake ukutani,
ukaruka peke yake, ukapanga namba zake,
nasi tumeupa mgongo.

Usiku, nyumba ya wageni, nafunga hesabu.
Waliohudhuria: sitini na wawili.
Nikazihesabu sahihi: sitini na moja.
Nikahesabu tena, sitini na moja.
Katibu kaniambia mkaguzi wa chuo hapendi tofauti,
sahihisha.
Nimemwambia kalamu imekwisha wino.
Nje, barabarani, nilisikia
Bi Zume na Bi Time bado wanapita,
mmoja anataja meno.