Sifuri

Mkataba ulikuwa kurasa mbili:
simu zao za mezani ziongee na kompyuta,
kompyuta ziongee na orodha ya wateja,
orodha iongee na makontena yaliyoko bandarini,
na yote yapite kwenye waya mmoja wa faiba
ulioingia dirishani, Shimanzi, juu ya bomba la choo.
Siku tano, wakasema. Nikasema nne.

Mtambo wa zamani uliishi kabati la vikombe,
rangi ya siagi iliyosahauliwa juani,
skrubu zimeliwa na chumvi hadi shingo,
taa moja nyekundu isiyozima.
Nyaya themanini, na kila waya
umefungwa uzi wa kushonea. Hakuna maandishi.
"Nani kaweka nyuzi?"
"Mimi," akasema Bi Mwanamvua, bila kugeuka,
kipokezi begani, yuwamwambia mtu wa Kampala
lori lake lishapimwa Mariakani, apunguze presha.
"Samawati mhasibu. Zambarau ghala.
Mweusi usiuguse. Huo ni wa Salmin na mkewe."

Nikamweleza: sauti yako, mama, itakatwa
vipande hamsini kila sekunde,
kila kipande na anwani yake,
vikajipange upya sikioni mwa mtu.
"Na kimoja kikipotea?"
"Hutasikia."
"Mimi?"

Jumatano akasikia.
"Nimesema shehena, mwenzangu kapata shena.
Wanila maneno, kijana."
Nikatafuta. Kule ghala mtu alikuwa akitazama mpira,
picha na sauti zikisukumana mlango mmoja.
Nikaiandikia swichi amri: sauti ikija, wengine kando,
kama njia inavyofunguka jeneza likipita.

Alhamisi simu ikalia na kioo kikatoa jina,
deni, idadi ya makontena. Meneja akapiga makofi.
Ya pili ilitoka Barabara ya Biashara.
TAIBALI ESMAILJI, kikasema kioo, MTEJA TANGU 1988.
"Sabalkheri, Bwana Taibali!" akasoma Mwachiro,
kijana wa wiki mbili, kwa meno yote.
Kimya.
Kimya cha mtandao nakijua, kina kipimo.
Hiki hakikuwa hicho.
Bi Mwanamvua akavuka chumba, akakitwaa kipokezi.
"Murtaza, mwanangu. Tuwie radhi.
Mashine haikuja mazikoni."

Jioni akafungua droo.
Daftari la mistari, gundi imeachia,
mwandiko wa kalamu nne au tano:
*Huyu mpigie kabla ya adhuhuri.*
*Huyu sikio la kulia halisikii, usipige kelele, sema polepole.*
*Huyu akisema kesho, hana.*
*Duka ni la mke. Ongea na mke.*
Mfumo una nafasi iitwayo Maelezo Mengine.
Aliyeubuni aliipa herufi sitini,
kana kwamba mtu humalizika kwa sitini.
Nikaifungua. Ijumaa baada ya swala, Jumamosi,
Jumapili feni ikinipulizia kurasa,
yeye akisoma, mimi nikigonga.
Siku nne zikawa tisa. Ziada sikudai.

Meneja alitaka sauti ya mashine:
bonyeza moja kwa forodha, mbili kwa malipo.
Tuliirekodi. Ni sauti ya Bi Mwanamvua,
mara ya sita, kwa kuwa tano za kwanza alicheka.
Sifuri niliielekeza mezani kwake.
Haimo mkatabani.

Mtambo ulinunuliwa na muuza vyuma, kwa kilo.
Nyuzi alizifungua mwenyewe,
akizizungushia kidole moja baada ya moja.
Mweusi akaniachia. Hakusema kwa nini.

Yuwastaafu Disemba.
Kwenye mipangilio pana kisanduku:
*sifuri isipopokelewa, ielekezwe wapi?*
Nimekiacha kitupu.
Kila nikifungua, mfumo wanionya
kwa maandishi mekundu, nami nafunga.